Mzee Wako Hakusikia Baridi

Sista Ndunge,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kile kiti chako cha plastiki, kile chenye mguu mmoja mfupi. Usikasirike. Nimekikalia miezi minane sasa, tangu presha ikuangushe pale shambani, na bado kila anayepita mlangoni ananiangalia kama nimejipa cheo. Ni mimi Mwende, yule uliyemfundisha kazi ya chumba cha upasuaji miaka sita kwa kumgombeza. Nina habari nyingi. Zingine zitakuchekesha. Moja ni ya mzee wako, na hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu, lakini kwanza wacha nikupe ile mbaya tumalizane nayo.

Mashine yako imeenda.

Ndio, ile ya kuangulia vifaranga. Najua ungeiulizia kabla hujauliza kama mimi ni mzima. Tumepata msimamizi mpya wa hospitali, kijana nadhifu, viatu vinang'aa hata wakati wa vumbi. Alikuja kukagua vitu vyote vya hospitali. Akafika kwenye korido ya kuingilia chumba cha upasuaji, akaona sanduku la mbao lenye kioo, waya na balbu, na ubavuni limechorwa kuku. Akaniuliza ni la nini. Nikamwambia ukweli, ni la kupasha blanketi na dripu. Akamwangalia tena yule kuku. Nikamweleza kwamba Sista Ndunge alilipata kwa kikundi cha akina mama walioshindwa na kuku, akalisugua kwa dawa siku tatu, kwa sababu aligundua joto linalomfaa kifaranga ndani ya yai na joto linalomfaa mtu anayengoja kisu hayapishani sana. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu. Akaandika kitu kwa simu yake, akanishukuru, na Jumatatu nilipofika kazini nikakuta ukuta mtupu na alama nne za miguu ya sanduku kwenye sakafu.

Wamewarudishia wale akina mama. Nasikia safari hii kuku wamekubali. Kifaranga wa kwanza walimpa jina lako kwa heshima, halafu akakua akawa jogoo, na wamekataa kumbadilisha jina.

Unajua shida yetu ilivyo. Hapa Makueni ukimwambia mtu mgonjwa anaumizwa na baridi, anatoka nje anaangalia jua, anarudi anakuangalia wewe. Kwao baridi ni ya watu wa Limuru, huko milimani. Hata mimi siku ya kwanza nilikucheka moyoni, nilipokuona unashika nyayo za kila mgonjwa kabla hujamuuliza jina. Ndipo ukanikalisha. Ukaniambia mtu akivuliwa nguo zake, akavishwa lile gauni lililo wazi mgongoni, akalazwa juu ya meza, akapakwa dawa ya majimaji tumboni halafu akapewa ganzi, mwili wake unasahau kujipasha. Jua lililo nje halimsaidii. Damu inachelewa kuganda, kidonda kinakawia kupona, na akitoka pale anatetemeka mpaka kitanda kinalia. "Usiniletee mtu amepoa kama sufuria ya muthokoi wa jana," ulikuwa ukisema. "Mpashe kabla, usingoje apoe ndio umkimbizie blanketi." Ile nusu saa ya kumpasha mgonjwa kwenye benchi, kabla ya ganzi, uliipigania na kila mtu.

Na ile vita ya rimoti ya AC bado ipo. Daktari wetu wa upasuaji hajapungua mwili. Yeye ni mtu wa kule juu kwenye ukungu na viazi, na akivaa lile gauni la kazi na glavu anaanza kuyeyuka. Wewe ulikuwa unaficha rimoti ndani ya kiondo chako, chini ya leso, na akiuliza unamwambia betri zimekwisha. Miaka mitatu betri zilikuwa zimekwisha na yeye hakuwahi kununua zingine. Nadhani alijua. Mimi sina kiondo wala sina uso wako mkavu. Naificha kwenye sanduku la glavu ndogo, kwa sababu mikono yake haiingii humo.

Sasa, mashine ilipoenda nilikaa wiki nzima sijui nifanye nini. Nilifikiria chupa za maji moto. Halafu nikakumbuka siku uliyonifukuza kwa sababu niliweka chupa miguuni pa mgonjwa aliyekwisha kupewa ganzi. "Huyu hawezi kukuambia anaungua, Mwende. Wewe ukilala watu wakuwekee pasi?" Chupa nikaziacha.

Jibu nililipata kwa mama yangu huko Kitui. Alikuwa ameanika ndengu, zile choroko zetu, kwenye turubai, jua limezipiga tangu asubuhi, nikatumbukiza mkono ndani. Joto tamu, Sista, tena la kukaa. Nikaenda moja kwa moja kwa wenzako wa mwethya, wale mliokuwa mkilimiana mashamba kwa zamu, nikawaomba wanishonee mifuko ya kitambaa, kila mmoja na ndengu zake ndani. Walikaa siku moja uwanjani kwa mwenyekiti, wakaimba, wakashona ishirini, na kila mfuko wakautia maua pembeni ingawa sikuomba maua. Tunazipasha kwa sufuria kavu jikoni, tunapima joto, tunazungushia taulo, tunampa mgonjwa pale kwenye benchi akiwa macho na mdomo wa kulalamika. Kabla ya ganzi, zinatoka. Nilifuata sheria zako zote.

Zinafanya kazi vizuri sana. Shida yake ni kwamba ni ndengu.

Wiki ya kwanza mfuko mmoja ulipotea. Baada ya siku mbili akaja mama mmoja ambaye binti yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Akanirudishia kitambaa kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa, na shukrani nyingi juu yake. Alidhani ni zawadi ya kanisa kwa wagonjwa. Aliniambia zimeiva haraka, tena akaniuliza mbegu tumetoa wapi. Nilimwambia karibu. Kufika mwisho wa mwezi tulikuwa tumelisha familia saba, na mgonjwa mmoja wa goti aliniuliza kama wiki hii tunatoa na mafuta ya kupikia. Nikawaambia wale wa mwethya watie ndengu zilizotobolewa na dudu. Hizo nazo zikaliwa. Sasa kila mfuko nimeuandika kwa kalamu nyekundu, SI CHAKULA, juu ya maua.

Daktari naye analalamika kwamba ikifika saa mbili asubuhi korido nzima inanukia ndengu za kukaangwa na yeye ametoka nyumbani bila chai. Namwambia avumilie, wagonjwa hawajala tangu jana.

Sasa tuje kwa mzee wako.

Ile ngiri uliyokuwa ukimwambia mumeo, Mzee Kioko, aitoe, aliikalia. Ulipoenda hakukuwa tena na mtu wa kumsumbua, na yeye akaiacha ikakua. Alianza kuvaa lile koti lako refu la mvua hata kanisani, kiangazi chote, ili watu wasione. Daktari alimpima siku ya kliniki akaniita pembeni, akaniambia utumbo unaweza kujinyonga mle ndani siku yoyote, na ikifika hapo, kwa umri wake na umbali wa kwenu, hatafika hapa akiwa hai. Sista, niliogopa. Nilikuwa nimekuzika juzi tu. Sikuwa tayari kumzika mzee wako kando yako, na kwa kitu ambacho kwetu ni kazi ya saa moja.

Nikaenda nyumbani kwako. Mara ya kwanza alinipa machungwa, akanisindikiza mpaka barabarani kabla sijafungua mdomo. Mara ya pili alinieleza habari za mbwa wake mpaka giza likakaribia. Mara ya tatu nilikalia kigoda nikakataa machungwa, nikamwambia leo siondoki. Ndipo akaniita binti yake kwa Kikamba, akasema, "Mwiitu wakwa, mimi huko ndani siingii. Huko kuna baridi ya kuua mtu." Nikamuuliza ni nani aliyemwambia. Akanishangaa. "Si ni Ndunge."

Ni wewe, Sista. Kumbe kila jioni mkila ulikuwa ukimhadithia nani ametetemeka, meno ya nani yamegongana, vidole vya nani vimegeuka rangi. Mchana kutwa unapigana na baridi, jioni unakuja kuitangaza nyumbani kwako. Miaka yote hiyo mzee wa watu anatafuna ugali anasikiliza, na hujawahi kumwambia wale watu waliishia kupona. Nilimuuliza. Alisema hiyo sehemu hukuwahi kuifikia, ulikuwa unasinzia kabla.

Basi nikasema neno ambalo ungekuwepo ungenifinya. Nikamwambia, "Mzee, njoo. Ukisikia baridi hata mara moja, tunasimamisha." Akaniuliza, hata kama tumbo liko wazi? Nikasema hata kama liko wazi. Sijui huo mdomo nilipewa na nani. Na wewe unamjua mzee wako, neno kwake si neno mpaka lisikiwe na watu. Akamwita mchungaji na majirani wawili, tukakaa, nikalirudia mbele yao wote, na mchungaji akalifunga kwa maombi. Aliiombea hata AC.

Nilipomwambia daktari, alicheka mpaka akashika ukuta. Nilipomwambia kuna mashahidi, akaacha.

Alikuja Jumanne na sanduku. Ndani kulikuwa na blanketi mbili, kofia ya sufu na suruali tatu za kuvaliana. Jiko la makaa lilinaswa na askari wa getini. Ilibidi nitoke nikamweleza mzee kwamba ndani tuna oksijeni, na akiwasha makaa humo tutapasuliwa sisi sote pamoja na paa. Akaliacha kwa askari, lakini alimwagiza asiliguse.

Nilimweka kwenye benchi. Nusu saa yako niliifanya saa nzima. Blanketi juu, blanketi chini, soksi, kofia, mfuko wa ndengu miguuni, mwingine mgongoni. Alipenyeza mkono akabonyeza mbegu kupitia kitambaa, kama yuko sokoni, akatangazia benchi lote, "Hizi ni ndengu za nailoni, mbegu za siku hizi. Mngeweka zile za zamani, zinashika moto." Wagonjwa wengine wakaanza kubishana naye kuhusu mbegu. Kulikuwa na mwanamke wa kutolewa kidole tumbo aliyekuwa akilia tangu alfajiri, na hata yeye aliacha kulia ili amwambie mzee hajui kulima.

Tukamwingiza. Dripu nilikuwa nimeipasha kwenye beseni na kuipima mara mbili. Alidungwa ganzi ya mgongo, ile inayoacha mtu macho wazi lakini kuanzia kiunoni hana habari. Kabla hatujafunga pazia la kumzuia kuona, akauliza miguu yake imewekwa wapi. Nikamwonyesha. Aliiangalia sana, akasema hiyo si yake, na mwenyewe aambiwe akate kucha.

Kazi ikaanza. Nikasimama kichwani pake. Una baridi, mzee? Hapana. Naangalia saa, dakika mbili zimepita. Una baridi? Hapana, mwiitu. AC imezimwa, rimoti iko kwenye glavu ndogo, na daktari anatiririka jasho mpaka tumetumia vitambaa vingi kwa uso wake kuliko kwa kidonda. Una baridi? Mzee akaniambia nikiuliza tena atasema ndio ili ninyamaze. Nikanyamaza, lakini mkono wangu niliuacha begani mwake, vile ulivyonifundisha.

Alikuwa anaongea bila kupumzika. Mbwa, barabara, mbunge. Halafu akakatika katikati ya neno. Nikainama. Kidevu kilikuwa kinatetemeka na machozi yanashuka mpaka masikioni. Nikajua limefika lile nililoliahidi mbele ya mchungaji. Kama nisingetimiza, hakuna mzee hata mmoja wa kwenu ambaye angekanyaga hapa tena, na yeye asingeniangalia usoni. Nikasema, "Daktari, simama."

Alisimama, lazima nimpe heshima yake. Uzi umening'inia, macho yananitoa roho, lakini alisimama. Nikamuuliza mzee, umesikia baridi?

Akatikisa kichwa. Akaniambia polepole, kwa Kikamba, yale ambayo mimi sikuyajua. Kwamba tangu mwoane, miaka thelathini na moja, kila usiku ulikuwa unaingia kitandani na nyayo za barafu. Umesimama kwenye ile sakafu ya simiti siku nzima, na hukubali soksi. Unazipachika kwenye miguu yake bila kuomba ruhusa, yeye anaruka, anakugombeza, anakuambia siku moja utamuua, na wewe tayari unakoroma. Kila usiku. Hakuzoea hata usiku mmoja.

"Sasa sisikii miguu," akaniambia. "Imenyamaza vile inanyamaza kule nyumbani tangu aende." Akajaribu kupangusa macho, mkono ukazuiwa na waya wa dripu, nikampangusa mimi. "Joto ninalo, mwiitu wakwa. Blanketi ninazo. Ile baridi yake ndiyo nimekosa."

Nilimwambia daktari aendelee. Akashona. Baadaye sana, bila kuinua kichwa, akaniambia hiyo AC nisiiwashe leo, hata nikipata betri.

Mzee wako alitoka pale akiwa na joto sawasawa, hakutetemeka hata mara moja. Jioni aliomba uji, halafu akaulaumu. Siku ya tatu akaenda nyumbani, jiko lake mkononi, na mfuko mmoja wa ndengu umepotea siku hiyohiyo. Mchungaji amemtembelea, kidonda kimefunga, na koti lako la mvua limerudi kwa msumari.

Lakini mimi sijatulia. Miaka sita, Sista. Tumesimama wote kwenye sakafu ile tangu asubuhi, tumekunywa chai pamoja, tumegombana, tumesali. Ulishika nyayo za kila mtu aliyepita ule mlango. Nilikuona mtu wa joto, nikadhani joto unalo. Hata siku moja sikukuuliza. Ulikuwa unatoka hapa umepoa, unapanda pikipiki unaenda kumwekea mzee wako hizo nyayo, na mimi nakupungia mkono nakuambia tuonane kesho. Naona aibu. Na nimekukosa, Sista. Hilo nimelizungushazungusha kwenye ukurasa wote huu na sasa nimelisema.

Jana asubuhi nilimshika mkono Nzilani, yule mama anayetupangusia sakafu, wakati anakamua tambara. Baridi kabisa. Alishtuka, akadhani amekosea kazi. Nikamkalisha kwenye benchi la wagonjwa na mfuko wa ndengu mapajani, nikamwambia akae dakika kumi. Alikaa akaangalia ukuta, akalia kidogo, halafu akaniuliza kama anaweza kuenda nazo nyumbani. Daktari alifika akatukuta hivyo na mgonjwa wa kwanza bado hajaingizwa. Aliangalia saa, akaangalia mkono wa Nzilani, akaenda kutafuta chai.

Nitafanya hivyo kila siku. Wagonjwa kwanza, na baada yao sisi tunaosimama. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na hii sikuhitaji mchungaji wala majirani.

Pumzika, Mwaitu, mama yangu. Mzee wako nitamwangalia. Na siku tutakapoonana huko uliko, usinisalimie kwanza na usiniulize habari za mashine. Kaa chini, toa viatu, unipe hiyo miguu.

Ni mimi,
Mwende